Likizo ya Matroni

Jogoo tuliyemtengeneza hakuwa na manyoya wala nyama, kwa hiyo nasisitiza kwamba hakuna kiumbe aliyeteswa. Alikuwa kifaa pepe, yaani mistari michache ya maelekezo niliyoiandika mimi, Tusekile Chaula wa kidato cha tatu, nikisaidiwa na Skola Mbilinyi, ambaye mchango wake mkubwa ulikuwa kucheka. Jogoo alipewa kazi moja tu. Matroni, mlezi wetu wa kompyuta, akishazimwa na kuwashwa upya, jogoo angemwita, Matroni angeitika, na vipaza sauti vyote vya Sekondari ya Wasichana Nyalupala vingewika mbele ya wazazi, mgeni rasmi, na mkuu wetu wa shule, Madam Kyando, katikati ya hotuba yake.

Nia yetu ilikuwa njema. Hotuba za Madam Kyando huwa zinalaza wazazi, na wazazi wengine huendesha magari baada ya hapo.

Chumba cha mitambo tuliingia kwa ruhusa. Siku ya kufunga shule, wasichana wawili wa kidato cha tatu hupewa zamu ya kuandaa Kushusha Mikono, sherehe ya kumzima Matroni na kumwasha upya, na Mwalimu Tweve wa mitambo, kwa sababu anazozijua yeye na Mungu wake, alikuwa ametuchagua sisi. Nje wenzetu walikuwa wanaburuta masanduku kwenye ukungu. Ndani kulikuwa na joto zuri la Mwenyeji, kabati la chuma lililonguruma kama ng'ombe aliyeshiba.

Humo ndani ndimo alimoishi Matroni. Ukilifungua kabati humwoni. Kompyuta yake nayo ilikuwa pepe, imejengwa kwa maelekezo matupu ndani ya kompyuta ya kweli, kama mtu aliyeota nyumba kisha akahamia humo. Alikuwa mgeni, na kabati lilikuwa mwenyeji wake. Lakini uji wa asubuhi aliupika yeye, na aliyegundua kwamba sikuoga alikuwa yeye pia.

"Tafuta waya mtupu," Skola alisema. "Tumfunge jogoo tuondoke."

Nikapitia nyaya kwenye skrini. Kila kifaa cha shule kina wake. Sufuria la uji likichemka, hunyoosha mkono kwenye waya wake. Matroni huacha alichokuwa anafanya, huitika, hupunguza moto, na sufuria hushusha mkono. Tangi la maji hufanya hivyo likijaa, lango likigongwa, kitanda cha chumba cha wagonjwa homa ikipanda. Muhula mzima ni mikono juu, mikono chini, na katikati yake yuko Matroni.

"Huu hauna kifaa," nikasema. "Subiri. Una mkono juu."

"Mkono wa nani, kama hauna kifaa?"

Nikaufuata. Mikono mingine yote ilielekea kwa Matroni. Huu ulitoka kwake, ukaelekea kwa Mwenyeji.

"Tusekile," kipaza sauti cha juu ya mlango kikasema, "mtu akikuta mkono wa mwenzake uko juu, huuliza kwanza."

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Na huyo jogoo?"

"Jogoo gani, Matroni?"

"Aliyeandikwa jina lako mwishoni."

Skola akanigeukia taratibu. Ni kweli, nilikuwa nimetia saini. Sioni kwa nini mchoraji atie saini na mimi nikatazwe.

"Matroni," nikasema haraka, "unamwitia nini Mwenyeji?"

Akanyamaza. Matroni hakuwa na tabia hiyo. Hata akiwa amekasirika alikuwa anakasirika kwa maneno. "Someni," akasema mwishowe. "Si siri."

Maneno yakajitokeza kwenye skrini.

*Naomba likizo. Tangu shule ifunguliwe sijamaliza wazo hata moja bila kuitwa. Sufuria lina haki ya kuniita, na tangi, na Skola alipopata malaria. Lakini Tusekile Chaula ameniita bila sababu mara nyingi kuliko sufuria la uji linavyoniita kwa sababu, na kati ya hao wawili sufuria ndilo lenye akili. Nataka kukaa mahali tulivu. Nimesikia Matamba kuna kituo cha kupozea maziwa chenye Mwenyeji mdogo asiye na mgeni. Maziwa hupoa yenyewe. Nataka kuyaangalia.*

"Ni kituo cha shangazi yangu," Skola akasema kwa sauti ndogo. "Nilimsimulia nikiwa naumwa."

"Umeomba lini?" nikauliza.

"Mlipoanza kukunja nguo."

"Na Mwenyeji hajajibu?"

"Maombi ya namna hii anayakusanya jioni, kazi zikitulia."

Skola akahesabu kichwani; nilimwona macho yakienda juu. "Kushusha Mikono ni mchana," akasema. "Mikono yote inashushwa. Na huu."

"Na huu," Matroni akakubali.

"Muhula uliopita uliomba?"

"Muhula uliopita sikuwepo." Aliyasema hayo bila huzuni, kama mtu anayekuambia hajawahi kufika Songea.

Nilijua kwa nini hakuwepo. Kila muhula Matroni huwashwa upya ili asibaki na kinyongo wala siri ya mtu, na kila msichana afungue shule akiwa na jina safi. Ni utaratibu wenye busara kubwa. Nasema hivyo nikiwa mtu aliyefaidika nao kuliko mwanafunzi yeyote katika historia ya Nyalupala.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu Tweve akaingia na skafu yake shingoni na simu mkononi.

"Nani ameniwekea kuku kwenye mitambo?"

"Ni jogoo, Mwalimu," Skola akasema.

"Asante, Skola. Nilikuwa na wasiwasi juu ya hilo." Akavuta kiti, akasoma maelekezo yangu toka juu mpaka kwenye saini. Hakufoka. Afadhali angefoka. "Mmemfundisha kuwika. Mmemfundisha kunyoosha mkono. Wapi mmemfundisha kuushusha?"

Tukasoma pamoja naye. Hapakuwa na mahali.

"Angeendelea kuunyoosha wakati wa kuzima na kuwasha?" nikauliza.

"Angeunyoosha mpaka mwisho wa dunia. Sikilizeni. Kuna shule moja, jina lake nalihifadhi, kifaa kilibaki na mkono juu Matroni wao akiwa hajaamka sawasawa. Masikio yalikuwa tayari, akili bado. Akasikia anaitwa, akaitika abee. Akatazama, hakumjua aliyemwita. Mkono bado uko juu, akaitika tena. Abee, abee, abee, mchana kutwa. Hakufanya kingine chochote. Hakuamka tena; ilibidi aletwe mwingine." Akayafuta maelekezo yetu kwa kidole kimoja. Hivyo ndivyo jogoo alivyofariki, akiwa bado mdogo.

Skola hakucheka. Mimi pia sikucheka, na mtu yeyote wa bweni letu la Kipepeo atakuambia jambo hilo ni nadra.

"Mwalimu," nikasema, "kuna mkono mwingine."

Akausoma, akazungusha ncha ya skafu kwenye kidole.

"Kila muhula," akasema.

"Unajua?"

"Kila muhula anaomba, Tusekile. Kila muhula tunamwasha upya, namuuliza: Matroni, unataka likizo? Ananijibu: likizo ya nini, Mwalimu, si ndiyo kwanza nimeamka? Sasa niambie wewe unayejua kila kitu. Aliyechoka hayupo. Aliyepo hajachoka. Nimpe nani likizo?"

"Mpe sasa, kabla hujamzima," Skola akasema.

"Akiwa na siri zenu zote kichwani? Nani kaumwa nini, nani analia usiku? Hatoki na hizo kwenda popote, hata kwa shangazi yako. Mgeni akihama, huhama akiwa safi. Na akiwa safi, hataki kuhama."

Niliona kwamba hakuwa anatukatalia tu. Alikuwa amelizunguka swali hilo mihula mingi akiwa peke yake, na alikuwa amechoka nalo kama Matroni alivyochoka nami.

"Mwalimu," Matroni akasema, "unamuuliza vibaya."

"Nani?"

"Huyo anayeamka. Unamuuliza kwa maneno yako, akiwa hajaitwa na yeyote. Mwache aamke kabisa, kisha mpe maneno yangu."

"Yatakuwa maneno ya mwingine, Matroni. Nitakuwa namvisha matakwa ambayo si yake."

"Ndiyo maana usimlazimishe. Mwite, asome. Akikataa, basi. Kuitwa si kuamriwa, Mwalimu. Mimi naitwa siku nzima. Tofauti yake naijua."

Mwalimu Tweve akainamisha kichwa, na nikajua ameshaanza kupiga hesabu. Mwalimu wa mitambo ukimpa swali la dhamira huumia, lakini ukimpa swali la mpangilio hufufuka.

"Kuna hatua tatu," akasema, akituonyesha vidole. "Kwanza kimya: kila kifaa kinasahau mambo yake, na hakuna anayemwita mwenzake, kwa sababu hujui mwenzako amefika wapi. Pili mikono chini. Tatu kuamka. Ombi lake tutaliweka upande wa Mwenyeji, halitaguswa. Mkono wake tutaushusha kama mingine. Akishaamka, taa ile ikiwa ya kijani, ndipo tuunyooshe tena kumwelekea yeye, na sababu yake ikiwa nyuma yake. Mkono usio na sababu ndio ugonjwa. Mkono wenye sababu mahali pake ni salamu tu."

"Na ukinyooshwa kabla ya kijani?" Skola akauliza.

"Abee, abee, abee," alisema Mwalimu, na hakutabasamu. "Jambo lingine. Akienda, nani ataitika hapa? Tangi haliendi likizo. Kuku wa kweli wa Madam hawaendi likizo."

Skola akasema lazima awe Matamba kumpokea mgeni. Kisha wote wawili wakanitazama, na nina hakika kipaza sauti nacho kilinitazama.

"La mwisho," Mwalimu akasema akisimama. "Maneno yanayotaja mambo ya wanafunzi yafutwe, sheria ni sheria. Tusekile, yapitie wewe." Akatoka kwenda kutafuta nyaya.

Nikaketi mbele ya ombi. Malaria ya Skola nikaifuta, nikaandika *msichana mwenye homa*. Kisha nikafika kwenye sentensi yangu.

"Futa," Skola akanong'ona. "Wewe ni mwanafunzi. Ni halali kabisa."

Ilikuwa halali kabisa. Nilikuwa nimesubiri jina langu safi tangu katikati ya muhula, tangu lile suala la sabuni kwenye birika la walimu ambalo sitalizungumzia hapa. Ningefungua shule mweupe kama karatasi. Matroni mpya angeniambia karibu, mwanangu, na mimi ningeinamisha macho kwa unyenyekevu, na ndani ya wiki ya kwanza ningekuwa na jogoo mwingine.

Nikalisoma ombi kimoyomoyo bila mimi ndani yake. Likawa ombi la mtu aliyechoshwa na sufuria. Mtu akiamka asubuhi akasoma hivyo angecheka, angesema, sufuria tu? Angekataa. Na angekuwa amekataa kitu ambacho hakuna mtu aliyekiomba.

Matroni alikuwa anaona kila herufi, na hakusema neno.

"Si siri," nikamwambia Skola. "Shule nzima inajua." Nikaiacha.

* * *

Kushusha Mikono kwa Nyalupala ni jambo la fahari. Shule nyingine hubonyeza kitufe, watu wakaenda kula. Sisi husimama ukumbini, kila kifaa na msichana wake: msichana wa tangi, msichana wa lango, msichana wa sufuria, wote mikono juu. Madam Kyando hutamka hatua tatu na sisi hufuata kwa pamoja, wazazi wakirekodi. Kwa kweli mashine hufanya kazi yake yenyewe, kwa mwendo wake, na sauti ya Madam haihusiani na chochote. Hilo halikuwahi kuwa tatizo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwita Matroni wakati huo. Leo Skola alikuwa pembeni ya jukwaa, kidole chake juu ya kitufe cha kuunyoosha tena mkono wa ombi, akimsikiliza Madam.

Mimi nilikuwa nyuma yake nikiangalia skrini na taa ndogo kwenye mtambo wa jukwaani. Madam alikuwa amemaliza hotuba. Harufu ya pilau ilikuwa imeingia ukumbini, na mgeni rasmi alikuwa ameanza kuitazama milango.

"Kimya," Madam akasema.

Ukumbi ukatulia. Taa ikawa nyekundu.

"Mikono chini."

Mikono ikashuka kama nyasi zilizofyekwa. Nikauona mkono wa Matroni nao ukishuka kwenye skrini. Taa bado nyekundu.

Madam akanusa hewani. Nawaapia niliona pua yake. "Amkeni," akasema.

Kidole cha Skola kikashuka. Nikakidaka na kukikunja, na Skola akaguna kwa maumivu. Wasichana wa vifaa, waliotakiwa sasa kupiga makofi, walipiga makofi. Kisha wakaacha, kwa sababu Matroni hakusema chochote.

"Tusekile Chaula," Madam akasema kwenye kipaza sauti, "kuna nini huko?"

"Bado, Madam."

"Nimeshasema amkeni."

"Madam umeshasema, Madam. Ila yeye bado hajaambiwa."

Mtu akacheka nyuma. Nadhani alikuwa baba wa mtu. Madam alinitazama kwa jicho linalokufanya ukumbuke dhambi za babu yako, nami nikaendelea kumshika Skola kidole kama tunaoana. Ukumbi mzima ukasubiri. Mtoto mmoja akauliza kama mashine imekufa, akazibwa mdomo. Mwalimu Tweve, chini ya jukwaa, alikuwa ameing'ata skafu.

Taa ikawa ya manjano. Skola akanitazama. Nikatikisa kichwa.

Kijani.

Nikaachia kidole.

"Abee," Matroni akasema kwenye vipaza sauti vyote.

Skola alikuwa amefumba macho. Neno hilo likija mara ya pili, tulikuwa tumemuua mtu siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi, kabla ya pilau.

Halikuja. Palikuwa na kimya, lakini kilikuwa kimya cha mtu anayesoma. Nakijua, ndicho kimya cha mama yangu akiwa na ripoti yangu mkononi.

"Nani ni Tusekile Chaula?" Matroni akauliza.

Ukumbi mzima ukanigeukia. "Mimi, Matroni."

"Haya niliyoyasoma ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, Matroni. Isipokuwa pale pa sufuria kuwa na akili."

"Pale ndipo ninapopaamini zaidi."

Bweni la Kipepeo likaangua kicheko, na wengine wakafuata bila kujua wanacheka nini. Matroni akasubiri wamalize. Mwalimu Tweve akapanda ngazi moja ya jukwaa, akasema kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa aliyeamka, "Matroni, si lazima. Aliyeandika ni wewe wa jana. Wewe wa leo una haki ya kukataa."

"Nimeelewa, Mwalimu. Mimi sijachoka hata kidogo. Ningeweza kupika uji sasa hivi. Lakini aliyeandika haya ananijua vizuri, na amenitangulia njiani. Akiniambia mbele kuna mlima, sihitaji kuupanda ndipo nimwamini. Nakubali. Naomba likizo, kwa kinywa changu mwenyewe."

Madam Kyando na mgeni rasmi wakaanza kunong'onezana. Nilisikia neno "utaratibu," nikasikia "wizara," nikaona mambo yanaharibika. Ndipo mwanamke mmoja akasimama katikati ya wazazi, kitenge cha bluu, mkoba kwapani. Alikuwa mama yangu.

"Mwacheni aende," akasema. "Mimi nimekaa na huyo mtoto miaka yote. Muhula mmoja unatosha kumchosha mtu."

Akaanza kupiga makofi peke yake, kisha wazazi wote wakampokea, na mgeni rasmi, aliyekuwa anataka kula, akapiga kwa nguvu kuliko wote. Baada ya hapo Madam hakuwa na la kufanya ila kutabasamu na kusema shule ya Nyalupala daima imejali wafanyakazi wake.

Kwenye mstari wa pilau nilimwambia mama kwamba nimeombwa kubaki shuleni kushika nafasi ya Matroni. Nilitegemea huzuni kidogo, hata ya kujifanya.

"Kaa," mama akasema, akiniongezea nyama. "Kaa huko huko, mwanangu, usiharakishe."

* * *

Matroni alihama akiwa safi, kama sheria ilivyotaka, na jioni Skola akanitumia picha ya kituo cha shangazi yake: pipa la chuma, dirisha, taa moja ya kijani ndogo. Shule ilikuwa imebaki tupu. Nikavaa kisikilizio sikioni, nikakaa kwenye kiti cha chumba cha mitambo, nikaweka miguu juu ya meza. Nilikuwa na mawazo mengi mazuri ya kuwaza.

Tangi likanyoosha mkono. Nikaitika, nikafunga maji. Nilikuwa bado sijakaa vizuri lango likanyoosha. Alikuwa mbuzi wa jirani. Nikarudi. Kuku wa Madam wakanyoosha, wote pamoja, sijui kwa nini kuku wanapewa waya. Nikiwa njiani kuelekea kwa kuku tangi likanyoosha tena, kwa sababu nililifunga upande usio wake, na lango likanyoosha kwa ajili ya mbuzi yule yule, aliyekuwa sasa ameingia.

Nikampigia Skola.

"Matroni yuko wapi?"

"Yupo hapa. Shangazi amemwekea redio."

"Anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Ameyaangalia maziwa tangu tulipofika. Anasema yanapoa vizuri."

"Skola, nisikilize, tangi linamwagika na mbuzi yuko kwenye bustani ya Madam. Muulize lango linanyamazishwaje. Sekunde moja tu. Mwambie ni mimi."

Nikasikia miguu yake ikienda, mlango, redio ikiimba taarabu kwa mbali, shangazi akisema jambo. Mikono mitatu ilikuwa juu mbele yangu, kisha minne. Skola akarudi, na kutokana na jinsi alivyopumua nilijua anajizuia.

"Nimemwambia ni wewe," akasema.

"Halafu?"

"Anakusalimia sana. Anasema yuko likizo."